Hukukosea Siku ya Kumzika Senge

Mpendwa dada Nekesa,

Hukukosea siku ya kumzika senge. Mimi ndiye niliyeandika tangazo vibaya, nikajua, nikanyamaza. Nimeanza na hilo kwa sababu barua hii naiweka kwenye grupu la familia, na wengi humo husoma mwanzo tu kisha huenda zao.

Senge, dada yake baba, ndiye aliyekulea pale Kimilili. Alipofariki nilipewa kazi ya tangazo kwa kuwa nilifundisha insha maisha yangu yote. Nikaanzia kwa babu. Nikawapanga watoto, wajukuu na wakwe, nikataja ibada ya shukrani ya Jumamosi. Maziko yenyewe, Alhamisi, nikayaweka aya ya nne. Ulinipigia simu kutoka Kitale kuuliza siku. Nikakujibu, "Kila kitu kiko kwenye grupu. Soma."

Ukaja Jumamosi na blanketi jipya la kumfunika. Ukawakuta akina mama wakiosha sufuria. Ukauliza, "Kwani mmeshapika? Mwili uko wapi?" Nami, mbele ya wazee, nikasema, "Si nilikwambia usome? Ama kusoma uliacha darasa la sita?" Wengine walicheka. Ulilitandaza blanketi juu ya udongo wa kaburi, ukaondoka, na hujakanyaga kwangu tena.

Hukuwaona jamaa wawili kutoka Saboti waliofika nyuma yako, wakiuliza swali lile lile. Niliwavuta kando upesi nikawapa chai. Mmoja wao ni mwalimu.

Sasa miguu imekataa, nami nimekuwa mtu wa kuchungulia wengine wakisoma. Nilimpa nesi anayekuja kunifunga kidonda lile tangazo alisome kwenye simu yake. Kidole kilipanda, kikapanda tena, macho yakirukaruka kama kuku anayetafuta punje.

"Mazishi ni Jumamosi, mzee."

"Umesoma yote?"

"Nani asome yote hayo, bana? Mtu anatafuta siku."

Huyu ni mtu anayesoma mwandiko wa madaktari! Nikampa pasta, nikampa mwenye duka. Jumamosi, Jumamosi. Nilibaki nikijiuliza: miaka yote ile niliyowafundisha watoto kuzunguka kabla ya kufika, nilimfikiria nani? Msomaji alikuwa mimi mwenyewe, nimekaa, sina haraka, sina msiba. Wewe ulikuwa umesimama stendi, unalia, unatafuta neno moja. Nimetamani sana kujua uliona mstari gani kabla ya machozi.

Nisamehe, dada. Uliyoyabeba hayakuwa yako.

Daktari hanifichi tena hali yangu. Sitaki tangazo langu ndilo likulete. Niko nyumbani, Bungoma, kila siku. Asubuhi huwa naweza kuzungumza. Njoo asubuhi.

Ndugu yako uliyemfuata kuzaliwa,
Wafula