Gunia Upande wa Upepo

Mjukuu wangu Ghati,

Nina miaka themanini na moja, na nimemzika hata yule daktari aliyesema sitafika sabini. Bibi yako mzima, na ng'ombe mwekundu kazaa jike.

Unauliza kama uwaandikie wasaidizi wako kazi hatua kwa hatua, maana ukisafiri tu, mikate inaungua. Sikiliza. Ujanani mwangu, Gorong'a nzima hakuna aliyechoma matofali kunishinda, na kazi yote niliiweka kichwani. Nikashikwa na homa. Wenzangu wakachoma bila mimi, nusu ya tanuru ikatoka mbichi. Mteja akasema hilo likijirudia, anahamia kwa Mwita, mchoma matofali mwenzangu.

Bibi yako akashika daftari. "Haya, mzee wa kujua yote, taja."

Nikataja kuni, midomo ya tanuru, udongo wa kuziba. Hakutosheka, akaja kunitazama nikichoma.

"Na hilo gunia?"

"Gunia gani?"

"Hilo ulilotundika sasa hivi upande wa upepo, moto usikimbilie upande mmoja."

Kumbe mkono wangu ulikuwa unafanya kazi bila kuniambia! Nikabisha, akaandika. Tanuru lililofuata wenzangu walichoma kwa daftari lile, mimi niko Bomani nakunywa chai. Matofali ukiyagonga yanalia kama kengele, na mteja akabaki.

Kwa hiyo andika, lakini kalamu mpe anayekutazama ukioka. Wewe utasahau gunia lako.

Ukidhani najisifu, muulize bibi yako, daftari bado analo. Atakwambia nilibisha siku tatu. Zilikuwa mbili.

Babu yako, Marwa