Wembe Ukiwa Mezani

Baba Wambui,

Ni mimi, Otieno, yule uliyemfundisha kunyoa kwa miaka sita, ukamtania kila asubuhi kwamba mtu wa Gatwekera, kule Kibera, hufika kazini amechoka kabla hajaanza. Bado natembea kutoka huko hadi Kawangware 46. Tulipokuzika, binti yako Wambui alinipa funguo za duka lako la kinyozi na kuniambia kitu kimoja tu: duka la baba libaki vile lilivyokuwa. Nikakubali haraka. Sikujua nimekubali nini.

Maana mazungumzo dukani yaliisha, Mzee. Watu walikuja, wakanyolewa kimya, wakaenda zao. Enzi zako walijaa hata wenye upara. Mtaani walikuita Mwajemi, nawe ukafurahi, kwa sababu ya yule mzee wa Iran uliyekuwa ukimnyoa nyumbani kwake Lavington hadi alipofariki. Kila alichokusimulia ulituletea sisi. Ulitueleza Waingereza na Warusi walivyoigawana nchi ile kama ploti, mwenyewe hata hajaitwa. Ukatueleza juu ya waziri mkuu aliyerudisha mafuta mikononi mwa watu wake, Waingereza wakaziba njia ya kuyauza, kisha wao na Wamarekani wakampindua. Mimi shule niliachia darasa la nane. Hayo nayajua kwa sababu yako, na najivunia.

Basi nikadhani watu wamekosa hadithi tu. Juzi Wafula, yule fundi wa welding, aliketi kitini. Redio ilikuwa ikitaja Iran na masharti inayowekewa na wakubwa wa dunia, akasema, "Hao nao ni kichwa ngumu tu. Si wakubali yaishe." Nikamwaga yote uliyonifundisha. Niliongea vizuri, Mzee, hata wewe ungetabasamu. Nilipomaliza akasema, "Uko sawa, bosi. Uko sawa kabisa."

Nikavimba kichwa. Halafu nikamwona kwenye kioo. Shingo imemkakamaa, macho yote yako kwenye wembe wangu, ambao muda wote huo ulikuwa chini ya sikio lake.

Aibu niliyoona! Miaka sita nilikutazama ukiweka wembe mezani kabla ya kumjibu mteja, nikidhani ni uzee, unapumzisha mkono. Mara moja tu ulisema, "Ukimshikia mtu wembe shingoni, hayo si mazungumzo. Uliza Wairani." Nilicheka, nikaendelea kufagia.

Nikauweka mezani. Nikamwambia, "Wafula, sema tena."

Akajipangusa shingo. "Zii, mimi sijakubali. Na hao wakubwa wa huko wanapiga vijana wao wenyewe risasi, hiyo pia ni Mwingereza?"

Nilikumbuka tu ulivyotuambia kwamba mzee wako wa Lavington aliyalilia yote mawili, waliyotendewa na wageni na waliyotendeana wenyewe. Nikamwambia hivyo. Kabla hajajibu, mtu wa kwenye benchi akadakia, mwingine akambishia, na punde duka zima likawa kelele tupu. Wafula alikaa karibu nusu saa na kichwa kimenyolewa upande mmoja, wala hakulalamika.

Nililia kidogo nikifunga mlango. Ulikuwa mtu mkubwa, Baba Wambui, na mimi nilikuwa nakuona unapumzisha mkono.

Pumzika sasa. Nakuahidi nitauweka wembe chini kila mara, hata nikiwa na hakika kwamba ni mimi niliye sawa. Siku hiyo ndiyo nitauweka mbali zaidi.

Mwanafunzi wako,
Otieno