Mita Iliyosoma Sifuri

Papa,

Sikuandikii kukupa salamu za watu wa hapa kambini Dzaleka, Malawi. Wengi wao walikula chakula cha matanga yako huku wakikusema, kwa hiyo salamu zao wabaki nazo. Ninakuandikia kwa sababu nimenunua mita nyingine, na kuna jambo nililisema Jumamosi ambalo ulistahili kulisikia mapema.

Unaikumbuka ile ya kwanza. Mguu ulikuwa umekuvimba, huwezi kupanda minibasi mpaka Lilongwe, ukanituma mimi. Ulitaka klampu, ile mita yenye taya ambayo fundi anaubania waya bila kuukata, na wewe uliiita "pensi" kwa Kifaransa chako cha Uvira kule Kongo. Ukanirudia mara mbili: "Riziki, tunatafuta umeme ya kidogo, ile ya kuvuja. Angalia yenye inasomaka kidogo."

Dukani walinitolea mbili. Moja ilikuwa nyeusi, ndogo, na pembeni ya namba zake ziliandikwa herufi za miliampia, kile kipimo cha umeme mdogo. Nyingine ilikuwa ya njano, nzito, imeandikwa ampia 1000 kwa maandishi makubwa. Muuzaji akaisifu ile ya njano kwamba ina nguvu. Nami nikawaza, anayebeba gunia hashindwi na kibaba. Bei zake zilikuwa sawa, Papa. Laiti ningesema umaskini ndio ulioniponza, lakini hata huo siwezi kuusingizia.

Nilipokuletea, uliigeuza nyuma, ukazungusha kile kitufe, ukatafuta kitu. Halafu ukasema, "Ni muzuri. Sasa tuko mafundi ya kweli." Leo najua ulikuwa unatafuta nini. Kwa nini hukunikemea? Ulinikemea kwa kuunguza nsima, ugali wa huku, ulinikemea kwa kuchelewa kanisani, na siku ile moja iliyokuwa na maana ukaamua kuwa mpole.

Wiki hiyo hiyo tukaitwa kwenye chigayo, kile kinu cha mahindi cha yule Mrundi jirani na soko. Wamama walilalamika kwamba chuma cha mashine kinawapiga shoti. Mvua ilikuwa imeingia chini ya mlango na sakafu ililowa. Uliiweka tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye chuma, kijitaa chake kikawaka kidogo, ukasema tesita ni mwongo, inawaka hata kwenye ukuta wenye unyevu. Ukaniambia nibane waya wa ardhi, ule unaopeleka chini umeme unaovuja. Nikaubana, nikasoma kwa sauti kubwa, kwa majivuno: "Sifuri, Papa!"

Ukawageukia wamama ukawaambia, "Hakuna kitu." Na ukaishika mashine kwa kiganja.

Kwa kiganja! Wewe uliyenichapa vidole tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu: "Mugongo ya mukono, Riziki! Kiganja ikishika haiachilie." Nimeliwaza hili mpaka kichwa kinauma. Sijui kama ulisahau. Nadhani ulitaka wale wamama waone kwamba binti yako anajua kazi. Kama ndivyo, basi nakukasirikia, na sitajifanya sikukasirikii kwa sababu umekufa.

Yaliyofuata sina nguvu ya kuyaandika.

Kwenye msiba walisema mazoea ndiyo yaliyokuua. Mchungaji naye akahubiri juu ya uangalifu, jeneza likiwa mbele yake. Mama alikaa kwenye mkeka akirudia neno moja tu: "Alijivuna. Angezimaka kwanza." Watu wakaliokota, na mtaa mzima ukakuita mzembe. Mimi niliketi karibu naye, ile mita ya njano iko ndani ya begi langu, na sikufungua kinywa. Marehemu hajitetei, nami nililijua hilo, nikalitumia.

Baadaye nikapata ganyu, vibarua vya siku mbili tatu, kwa fundi mmoja Mmalawi anayefunga taa kwenye nyumba za Area 49, mtaa wa Lilongwe. Aliichukua mita yangu, akaitazama tarakimu ya mwisho, akatikisa kichwa. Akanieleza taratibu kwa Kichewa: usiulize mita inafika wapi juu, uliza inaanza kuona wapi chini. Hii haioni kitu chini ya sehemu moja ya kumi ya ampia, na umeme wa kuua mtu hauhitaji kufika hapo. Halafu akachukua waya mmoja wa taa ndogo iliyokuwa inawaka, akauzungusha mara kumi kwenye taya ya mita. Sifuri ikawa 0.4. Ugawe kwa kumi, akasema, ndio umeme wenyewe.

Kumbe hata ile mbovu ingeweza kusema, kama tungejua kuiuliza. Nilimweleza kwa nini nalia, akasema "Pepani, pepani," yaani pole, akaniacha nimalize.

Nimenunua ndogo, ya bei ya kawaida, inayosoma miliampia moja moja. Safari hii sikumsikiliza muuzaji. Nilimwambia awashe taa ndogo, nikabana waya mmoja tu, maana ukizibana nyaya zote mbili pamoja, umeme wake unafutana. Ikasoma 41. Ndipo nikalipa.

Jumamosi nikaenda chigayo. Mashine ni ile ile. Kilichoongezeka ni ubao ambao mwenye kinu ameuweka chini ili wamama wasimame juu yake. Mama alikuwa wa tatu kwenye foleni na ndoo yake ya mahindi. Nikabana waya wa ardhi: miliampia 38. Nikamwambia mwenye kinu azime. Akacheka. "Papa yako mwenyewe njo alisemaka hakuna kitu. We ni nani?"

Watu wote wakanitazama. Mama akainamisha macho, kama anavyofanya kila jina lako likitajwa mbele ya watu.

Nikasema, "Alisema vile kwa kuniamini mimi. Mita ni mimi niliichagua. Sifuri ni mimi niliisoma." Nikaeleza yote, duka, rangi ya njano, namba kubwa. Wamama wakachukua ndoo zao mmoja mmoja. Mwenye kinu akatukana, lakini akaishusha swichi.

Tangu siku hiyo Mama hasemi nami. Anapika, ananiwekea sahani, anatoka nje kula peke yake. Mara moja tu alinena, amegeukia ukuta: "Miezi yote ile uliniacha nimutukane."

Na wewe sikuombi msamaha, maana ungenipa upesi, na huo upesi wako wa kunisamehe ndio uliotufikisha hapa.

Lala. Ninakuahidi hili: yeyote atakayelitaja jina lako pamoja na uzembe, nitamsimamisha, hata kama ni mchungaji, hata kama ni njiani, nimwambie ni nani aliyechagua. Nimekubebesha mzigo wangu muda mrefu, na wewe huna mabega tena.

Binti yako,
Riziki