Kitanda cha Zamu

MAELEZO YA SHAHIDI
(Ya pili. Yanafuta yale ya tarehe 13.)

Jina: limeandikwa kwenye kitabu cha kituo
Umri: miaka 29
Kazi: kufunga mikate kiwandani, zamu ya usiku
Makazi: chumba namba 9, ghorofa ya tatu, juu ya banda la fundi viatu
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani
Yameanza kuandikwa: tarehe 16 mwezi wa tatu, saa nane na nusu mchana

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Tarehe 13 nilimdanganya askari. Leo nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu.

Niliingia nchi hii mwezi wa nane mwaka jana, peke yangu. Mnamo tarehe 20 mwezi huo nilipanga chumba ninachokaa sasa. Mwenye nyumba aliniambia, "Chumba kimoja, mtu mmoja. Nikikuta wawili, nje nyote." Nikasaini. Baada ya wiki mbili nikaona kodi ya chumba inanielemea, sitaiweza peke yangu. Mwanamke mmoja wa kiwandani akaniambia yuko dada wa kwetu, anafua mashuka ya hoteli mchana na anatafuta pa kulala usiku. Kibali chake cha kukaa kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo hakuweza kuandikwa kwenye nyumba yoyote.

Tukakubaliana. Kitanda kimoja, ufunguo mmoja, yeye usiku, mimi mchana. Saa kumi na moja jioni nikienda kazini nilimwachia fundi viatu ufunguo, dada akirudi akauchukua. Saa moja asubuhi tulikutana ngazini, yeye akishuka na mimi nikipanda, akanipa ufunguo mkononi. Tulionana dakika kumi kwa siku. Jumapili kiwanda kikifungwa tulilala wote, mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu. Aliwahi kusema tungekuwa mke na mume tungeshaachana kwa barua.

Nilimwita Da Mkubwa. Siku ya kwanza alisema, "Mimi mkubwa kwako, nipe heshima yangu," nikampa. Jina sikuuliza. Mwanzoni nilisahau, halafu miezi ikapita nikaona aibu, utamuulizaje jina mtu ambaye mnavuta naye blanketi moja? Yeye aliniita Mgeni mpaka mwisho.

Yeye alikuwa na miaka minne hapa, na mji huu ni yeye aliyenionyesha. Basi lipi la kiwandani, mlango upi wa soko, karatasi ipi usisaini kabla hujasomewa. Aliniambia, "Huku usimsalimie kila unayepishana naye, watadhani unataka kitu." Mwezi wa kwanza nilikuwa nalia, naye alikuwa ananitania ngazini. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako ni ule ufagio, chini ya kitanda kumejaa makombo ya mikate yako." Nikipanda, nakuta chai ndani ya chupa na blanketi limekunjwa mara tatu. Mimi blanketi nilikuwa naliacha vyovyote.

Simu yake iliharibika mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo mama yake alikuwa anapiga kwangu. Kila siku saa kumi alasiri, ndiyo saa yangu ya kuamka. Anasalimia, anauliza, "Mwenzio yupo?" Namjibu, "Hajambo, mama, yuko kazini, anakusalimu." Ilikuwa kweli. Kwenye simu hamtaji kwa jina, anasema mwenzio, au dada yako, au mwanangu. Kwetu mtu akikuuliza hali unajibu njema kwanza, hata kama nyumba inaungua. Lililo baya linafuata baadaye, taratibu. Naomba hilo liandikwe, kwa sababu ndipo nilipokwama.

Mnamo tarehe 10 mwezi huu, saa moja asubuhi, nilimkuta ngazi ya ghorofa ya pili, ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Akasema kifua kimembana tangu jana yake. Nikamwambia, "Si urudi ukalale?" Akasema, "Nikalale wapi, Mgeni? Zamu yako imefika." Nikacheka. Naye akacheka kidogo. Nikapokea ufunguo, nikapanda, nikalala.

Tungeweza kulala wote wawili, kama Jumapili. Halikunijia kabisa akilini, Afande. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nakitaka kitanda.

Tarehe 11 saa moja asubuhi hakuwa ngazini. Nikashuka kwa fundi viatu, nikakuta ufunguo bado umetundikwa kwenye msumari. Akasema hakuja kuuchukua jana. Nikapanda. Kitanda kilikuwa vilevile nilivyokiacha mimi, ovyo. Nitasema ukweli hata kama unaniumbua: nilifurahi. Alikuwa ameshazungumzia kazi ya ndani, ya kulala hukohuko kwa tajiri. Nikajiambia ameipata, na haraka ya kuanza haikumpa nafasi ya kuaga. Sasa chumba ni changu, simfichi mtu tena. Nikatundika gauni langu kwenye ndoano yake. Nikalala usingizi mzuri kuliko wote tangu nifike nchi hii.

Sasa nimeelezwa kwamba asubuhi ya tarehe 10, kabla ya saa mbili, alianguka kituo cha basi, akapelekwa hospitali bila karatasi yoyote. Muuguzi amesema siku ile na kesho yake alikuwa anafumbua macho na kuangalia mlangoni. Alifariki tarehe 12, saa tano asubuhi. Hospitali iko vituo vinne vya basi kutoka kitandani kwangu.

Tarehe 11 saa kumi mama yake alipiga. Nikasema, "Hajambo, yuko kazini." Tarehe 12 akapiga, nikasema hivyohivyo. Saa ile alikuwa ameshafariki na mimi sijui.

Mnamo tarehe 13, saa nne asubuhi, mlango uligongwa. Alikuwa askari, na nyuma yake mwenye nyumba. Askari alikuwa na picha. Mfukoni mwa dada walikuta kipande cha namba cha fundi viatu, cha viatu alivyopeleka kushonwa, fundi akasema huyu hupita hapa ngazini, hakusema anaingia kwa nani. Nikaangalia picha. Macho yamefumbwa, shuka liko kidevuni. Askari akauliza, "Unamjua?" Mwenye nyumba alikuwa ananitazama mimi, picha haitazami. Nikasema, "Simjui." Askari akaandika, wakaondoka. Nikakaa chini palepale mlangoni. Gauni langu lilikuwa kwenye ndoano yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilimficha mgonjwa mwenyewe.

Siku hiyo saa kumi simu ililia. Nikasema, "Hajambo, mama, yuko kazini." Tarehe 14 pia. Tarehe 15 mama akaniuliza, "Mbona siku hizi hanitumii neno lolote?" Nikasema kazi zimemzidi.

Jioni hiyo fundi viatu aliniambia amesikia kwamba asipopatikana wa kumtaja, tarehe 18 atazikwa na manispaa, na juu ya kaburi itawekwa namba. Aliniambia akiwa ameinama anashona soli, hakunitazama. Usiku kucha nilifunga mikate nikiiona ile namba. Leo asubuhi nimemwambia mwenye nyumba kila kitu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nihame. Nimekubali.

Nilipofika hapa, Afande aliniuliza jina la marehemu. Nikasema Da Mkubwa. Akauliza tena, jina kamili. Nikasema silijui. Akaniuliza, "Mmelala kitanda kimoja miezi sita, jina hulijui?" Nikasema yule wa kiwandani aliyetukutanisha naye halijui. Anayelijua ni mama yake, na kumuuliza mama jina la mwanawe ni kumwambia kila kitu.

Saa kumi kamili simu imelia hapa mezani. Afande ameniruhusu kupokea. Mama amesema, "Hujambo, mama?" Nimesema sijambo. "Mwenzio yupo?" Nimesema, "Mama, naomba unitajie jina lake kamili, na la baba yake." Ametaja majina matatu, polepole, na ameyarudia ili niandike vizuri. Hakuuliza kwa nini. Karatasi hiyo nimemkabidhi Afande.

Kisha ameuliza jambo moja tu. "Alikuwa peke yake?"

Nimemjibu, "Hapana, mama. Nilikuwepo. Nilimshika mkono."

Huo ni uongo, Afande. Naomba uandikwe hapa kuwa ni uongo, ili ukweli wake uwepo mahali, na usiwe kwa mama.

Nimesomewa niliyoyasema, ndiyo hayo, sina la kuondoa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA
Maelezo yamemalizika saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni. Shahidi amepelekwa hospitali na amemtambua marehemu. Namba imefutwa katika kitabu cha chumba cha maiti na jina kamili limeandikwa mahali pake. Barua ya kituo kwa familia itataja jina, hospitali, tarehe na saa. Swali la nani alikuwepo halitatajwa.