Aliyetupa Udongo Chini

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani kwenye baridi. Magoti yanaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, alishazaa? Mimi ni mzima, ila vidole vimekauka hadi vinapasuka, na zile mbaazi ulizonifungia kwenye kitambaa zimeisha. Nilizila kidogo kidogo kama dawa.

Najua macho yako hayawezi tena maandishi madogo, na Mutua ndiye anayekusomea. Mutua ndugu yangu, habari yako. Soma yote kwa sauti, usiruke hata mstari mmoja.

Uliniuliza kwa simu: "Ndinda, Mutua anataka kuleta trakta avunje matuta yote, shamba likuwe sawa. Wewe ndiye umesoma, sema." Siku hiyo nilibabaika. Leo nitakujibu, ila nianze na kazi yangu, kwa sababu jibu lilinipata huko.

Karakana yetu hutengeneza mabamba ya seli za haidrojeni, vile vyombo vinavyotoa umeme bila moshi. Bamba ni kama kiganja chako, limechongwa mifereji yenye upana wa punje ya wimbi. Haidrojeni hupita upande mmoja, hewa upande wa pili, katikati kuna utando mwembamba. Umeme ukitoka, kinachobaki ni maji tu. Nilipokuambia hivyo ulishtuka: "Maji safi? Na mnayamwaga?" Nilicheka, kisha nikamkumbuka punda wetu akipanda kutoka mtoni na mitungi minne, nikaacha kucheka.

Maji hayo ndiyo shida yetu. Yakituama mferejini, gesi haipiti. Ukichonga mifereji iliyonyooka, gesi hufuata ile iliyo rahisi, na mingine inajaa maji. Ukichonga mmoja unaozunguka bamba zima, maji yanasukumwa nje vizuri, lakini kuisukuma gesi humo kunakula nguvu nyingi. Kwa hiyo tunachonga michache inayopinda pamoja. Mara ya kwanza nilipouona mchoro huo ukutani, nilisogea nikaufuatisha kwa kidole. Ilikuwa ni kijijini kwetu Ndithini kabisa, shamba letu ukiliangalia kutoka ng'ambo ya bonde, tuta juu ya tuta, na nyinyi akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kulimiana, mmeinama kwa mstari mkichimba na kuimba. Nilitamani hata lile vumbi.

Vifaa navyo vina tabia zao. Grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, haipati kutu, lakini ikianguka inavunjika kama chungu. Chuma cha pua ni chembamba na kigumu, ila ndani ya seli asidi hukila, na kutu yake huharibu utando. Ndiyo maana tunakipaka ngozi ya kaboni.

Mwezi uliopita bamba moja la chuma liliharibika kwenye majaribio, ngozi imebanduka. Msimamizi alimgeukia Petra, fundi mwenzangu, kwa kuwa yeye ndiye hupaka. Petra aliangalia viatu vyake. Lakini ni mimi niliyekuwa nimelisafisha bamba lile haraka haraka, nikikimbilia treni, mafuta yakabaki. Nikasema, "Ni mimi." Msimamizi akasema, "Sawa, turudie." Ikaisha hapo. Mwaitu, nilienda chooni nikalia, kwa kuwa ilikuwa rahisi hivyo na nyumbani sikuweza.

Unalikumbuka tuta la chini, karibu na korongo? Tulikuwa watoto. Ulituambia, "Fanya juu! Udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro, si chini." Mvua ya Novemba ikalibomoa, ikaenda na mbaazi zote za mwaka ule. Ukasema ni Mutua na uvivu wake. Ulimchapa, na kikundi kizima cha mwethya kikamwita Fanya Chini. Mpaka leo, mwanamume mwenye mke na watoto, anaitwa hivyo sokoni.

Hakuwa yeye. Sehemu yake aliichimba vizuri, kisha akaenda kumnywesha punda. Mimi nilibaki kumalizia, jua likanichosha, nikaona kutupa chini ni rahisi kuliko kuinua. Mutua alirudi akaona. Hakunitaja hata siku moja, nami nikamwacha abebe. Naona aibu, Mwaitu.

Sasa jibu lako. Mimi ningependa matuta yabaki. Trakta ikisawazisha mteremko ule, mvua mbili tu, udongo wetu wote utakuwa bwawani Masinga. Lakini mimi niko mbali, na mwenye jembe ni Mutua. Kama anayachukia matuta, huenda mkosaji ni mimi. Muulize yeye, na umsikilize kama mtu aliyechimba vizuri tangu mwanzo.

Nisalimie shangazi wa kwaya, mke wa Mutua na mapacha wao, na yule mzee jirani anayetuazima ng'ombe wa kulimia. Nikija Krismasi, lile tuta la chini nitalichimba mwenyewe.

Na kuanzia leo, Mwaitu, waambie wa sokoni wamwite mwanao kwa jina lake, Mutua. Lile lingine ni langu.

Akupendaye daima,

Fanya Chini