Jicho la Kulia la Fundi Saa

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimechelewa kufungua kibanda hapa steji ya 56. Saa ya mwalimu imekwisha. Ya kasisi bado, inakwama kila ikifika sita. Asubuhi niliamka jicho la kulia limeshikana kwa tongo. Mke wangu Mwende akalifungua kwa maji ya vuguvugu. Na hili ndilo jicho la kazi, ninalolibania lenzi nione visukurubu. La kushoto ni la kuangalia watu tu.

Alhamisi, 7 Machi
Zahanati. Nimepewa dawa ya matone. Mdomo wa chupa usiguse jicho. Nisimgawie mtu. Nisiache kabla ya muda hata nikiona nimepona. Nimesikia. Naogopa upofu kuliko kifo.

Jumapili, 10 Machi
Jicho jeupe pe. Kanisani nimesoma nyimbo mwenyewe. Naendelea na matone vilevile.

Jumanne, 12 Machi
Limerudi. Jekundu, usaha tena. Sielewi. Sijaruka hata tone moja. Taulo natumia yangu peke yangu. Ama dawa ni feki?

Ijumaa, 15 Machi
Sasa ni Ouma, fundi redio ninayegawana naye kibanda. Naye ni la kulia. Kanipayukia mbele ya wateja: "Maze Mutua, si umenipatia hii kitu ya macho!" Mimi! Pengine ni yeye aliyeniletea. Mama mmoja ameichukua saa yake ya ukutani, akaenda zake. Mwende anasema kuna mtu ana kijicho na kazi yangu. Simwamini. Lakini sijui niamini nini. Jicho hili likifa, nitarudi Kitui kuchunga mbuzi wa ndugu yangu.

Jumatatu, 18 Machi
Jana nilipumzika, jicho likatulia. Leo kazi, limewaka. Au ni hizi saa? Wazimu. Sijamsalimia Ouma. Yeye kachukua lenzi yangu bila neno, kaibana jichoni, kachomelea waya wake, kairudisha mezani. Nimezidi kumchukia.

Jumatano, 20 Machi
Nimeenda kumwambia muuguzi dawa yake ni bure. Akauliza nini hugusa hilo jicho. Nikajibu hakuna kitu. Akanipa chupa nyingine.

Kibandani nimetoa lenzi mfukoni nianze kazi. Nikaigeuza juani. Ukingo mzima una ukoko wa njano. Kumbe hiki ndicho hugusa jicho. Nikamwonyesha Ouma. Ameguna, halafu amecheka mpaka akalia. Mimi nilishindwa kucheka.

Jumamosi, 30 Machi
Wateja wachache. Saa ya kasisi inatembea. Naosha lenzi kwa sabuni na maji moto kila asubuhi, na Ouma amejitafutia yake. Jicho langu zima. Lake bado kidogo. Ana chupa yake, ila hawezi kujitilia, hufumba kabla tone halijafika. Basi huinua uso, nami namtilia bila kumgusa.

Leo hakufumba.