Ng'ombe wa Harusi ya Selemani

Kamalondo, Ijumaa, kabla ya alfajiri

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba tukishajua mila ni ya nani, tumeshajua kama ni njema.

Selemani, mtoto wa ndugu yangu, anaoa kesho. Ng'ombe wa karamu amefungwa uani kwangu, na Selemani anataka kwanza achezeshwe barabarani, kwa kitambaa na fimbo, kama wanavyofanya kisiwani Pemba alikotoka babu yangu. Jana aliniomba niwaambie wageni kwamba hiyo ni desturi yetu.

"Baba mukubwa, ile njo authenticité! Bankambo balikuwa banacheza na ng'ombe!" Kwake huo ndio uasili wetu, kwa kuwa mababu walicheza na ng'ombe.

Mke wangu akamjibu, "Basi bakufunge weye kamba ku shingo, tuone vile utacheza."

Selemani alicheka. Mimi nikamweleza polepole: Pemba, ng'ombe wa mchezo ana jina, na jioni hurudi zizini kwake. Huyu ameletwa kwa treni, amesimama njia nzima, na baada ya mchezo atachinjwa.

Lakini nilipomaliza nikajiuliza kama ng'ombe wa Pemba anaiona tofauti hiyo. Babu hakunisimulia upande wa ng'ombe.

Nikikataa mbele ya wageni, nitamwaibisha kijana siku ya harusi yake. Nikinyamaza...

Kufa, ng'ombe atakufa tu, hilo siwezi kulizuia. Namsikia sasa akikwaruza ukuta kwa pembe. Ila aliyekwisha kuchinjwa hachezeshwi.

Najiambia: leo, kabla Selemani hajaamka, mpe ng'ombe maji, kisha mwite mchinjaji.